Inchi Mbili kwa Saa

Kofia ya mzee Orville Kessinger ilikuwa imelala hatua mbili kutoka kichwani mwake, na juu yake theluji ilikuwa imejaa kama mkate uliokwisha kuumuka.

Mwili wenyewe ulikuwa karibu kufunikwa wote. Ulionekana mgongo wa koti la sufu, kisigino cha buti na vidole vitatu. Kando ya vidole kulikuwa na ufagio mdogo, na mbele ya ufagio, chini ya theluji mpya, ulikuwa ule ubao mweupe wa futi mbili kwa mbili ambao mzee alipimia theluji kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane.

"Msikanyage," alisema Mpelelezi Nadine Archuleta.

Konstebo Boyd Tillotson alisimamisha mguu hewani. "Afande, nilitaka kumfunika tu. Si heshima kumwacha hivi."

"Theluji imeshamfunika. Simama hapo hapo ulipo."

Ilikuwa saa tatu kamili asubuhi, Jumanne, siku ya tatu ya dhoruba. Greda lilikuwa limewafungulia njia hadi mwisho wa Mtaa wa Kiln, kisha likarudi nyuma taratibu, dereva akiwa amezima taa zake za juu kana kwamba hata mwanga ungeweza kuamsha kitu. Mlima haukuonekana. Lakini hakuna mtu wa mji wa Orrin aliyehitaji kuuona ili ajue ulipo. Nyuma ya nyumba zote arobaini na tatu za mtaa ule ulipanda mteremko mpana usio na mti hata mmoja, wenyeji wanauita Aproni, na tangu Jumapili watu waliokuwa chini yake walizungumza kwa sauti ya chini na kufunga milango kwa mikono miwili, theluji ya juu isije ikaporomoka.

Daktari wa kaunti alitambaa kwa magoti hadi kwenye mwili, akapuliza theluji kichwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Ameteleza?" aliuliza Tillotson.

"Anayeteleza hupiga kisogo, au uso. Hili jeraha liko utosini. Ili ardhi ikugonge utosini sharti usimame kwa kichwa."

"Umbo lake?" aliuliza Nadine.

"Mstari ulionyooka. Ukingo wa sepetu, kwa mfano."

"Saa ngapi?"

"Kwenye baridi hii? Usinitafutie kesi, Nadine. Baridi ya namna hii inadanganya saa. Inaweza kuwa saa mbili zilizopita, inaweza kuwa saa sita."

Nadine hakumbishia. Alitoa rula mfukoni. Watoto wote wa Orrin walikuwa wamepitia kwenye uwanja huu, darasa la nne, kila Januari, wamejipanga kwa soksi nzito huku mzee Orville akiwakaripia: usipumue juu ya ubao, usishike rula juu, soma, andika, fagia, rudisha ubao juu ya theluji mpya. Ubao ukifagiwa, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Nadine alikuwa amejifunza hayo miaka thelathini iliyopita na hakudhani yangemfaa kwa lolote.

Alipima juu ya ubao: inchi sita. Akapima juu ya kofia: inchi sita. Akachimba polepole kwa glavu kando ya kichwa mpaka akafika kwenye tabaka lenye damu. Lilikuwa inchi sita chini.

Ndipo mlima ukaguna.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito aliyekaa kitandani kwenye chumba cha juu. Daktari alijilaza chini kifudifudi. Tillotson alishika uzio. Wote watatu walisubiri, na kitu pekee kilichokuja kilikuwa theluji, ikishuka wima, bila haraka.

"Mara ya ngapi hiyo?" alinong'ona Tillotson.

"Ya nne tangu alfajiri," alisema Nadine. "Piga simu idara ya barabara. Waulize theluji imenyesha kiasi gani kwa saa."

*

Wa kwanza kuuona mwili alikuwa jirani, Bi Hazel Yoakum, mwanamke wa miaka sabini na sita aliyekuwa ameketi jikoni kwa marehemu, amevaa koti juu ya koti. Jiko la kuni lilikuwa limezimika. Pumzi yake ilionekana.

"Umemkuta saa ngapi, Bi Hazel?"

"Saa mbili na nusu, binti. Kutoka kwangu mpaka hapa ni hatua mia moja, na nimetumia saa nzima. Theluji inanifika hapa." Alionyesha kiunoni. "Nilikuwa naogelea."

"Nini kilikutoa nje?"

"Redio. Kila siku saa moja na robo Orville husoma theluji kwenye redio. Theluji mpya kadhaa, maji kadhaa, jumla kadhaa, siku njema. Leo wakapiga muziki. Muziki! Nikajua amekufa."

"Anapima saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Si kabla, si baada. Mkewe alikata roho saa moja kasoro dakika tano. Mimi nilikuwepo. Akamfumba macho, akatoka nje akapima, akarudi, ndipo akalia."

Nadine aliandika. "Jana ulimwona?"

"Alikuja jioni na hasira zake. Akasema, 'Hazel, leo nenda ukalale kwa dada yako, ng'ambo ya mto.' Nikamwambia dada yangu anakoroma kama greda. Nikamtania: mzee wangu, umeanza uoga uzeeni? Unajua alinijibu nini? 'Siogopi kwa moyo, Hazel. Naogopa kwa hesabu.'"

Alikuna glavu yake.

"Na usinitazame hivyo. Tulikuwa majirani tu. Alinibusu mara moja, mwaka ule wa theluji kubwa, na ndevu zake zilikuwa na barafu."

"Alikuwa na hasira na nani?"

"Garth Lindquist. Alisema amempigia simu, amempa mpaka asubuhi."

Garth Lindquist alikuwa mtabiri wa maporomoko ya theluji wa kaunti. Kazi yake ilikuwa kupanda Aproni kila Ijumaa, kuchimba shimo hadi ardhini, kukagua tabaka moja baada ya jingine na kuandika ripoti. Kwa neno lake barabara zilifungwa na watu walihamishwa. Bila neno lake, hakuna aliyetoka kitandani.

Tillotson aliingia, akajipangusa. "Afande, wa barabara wanasema inchi mbili kwa saa. Tangu saa saba usiku haijapungua wala kuongezeka. Wana nguzo yenye alama na kamera inayoitazama."

"Inchi mbili kwa saa," alisema Nadine. "Juu ya ubao kuna sita. Nilipima saa tatu kamili. Ubao ulifagiwa saa ngapi?"

Tillotson alihesabu kwa vidole. "Saa kumi na mbili."

"Haiwezekani," alisema Bi Hazel. "Saa moja."

"Mzee alianguka saa kumi na mbili pia. Kofia yake inasema hivyo, na damu yake."

"Basi hakupima. Saa kumi na mbili Orville anakuwa anatafuta soksi."

Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa, penseli imelala katikati. Nadine alilisogeza kwa ncha ya kalamu. Mstari wa leo ulikuwa umejazwa. Saa: moja kamili. Theluji mpya: inchi kumi na sita na nusu. Maji: inchi moja nukta mbili.

"Amejaza," alisema Tillotson. "Kwa hiyo alikuwa hai saa moja."

"Mtu fulani anataka tuamini hivyo."

Nadine alisimama katikati ya chumba akatazama kila kitu bila kugusa. Ili kupata maji, mzee alichukua theluji ya kwenye ubao kwa kopo, akaileta ndani, akaiyeyusha kwa maji ya moto aliyoyapima, kisha akasoma kwenye jagi la kioo. Watoto wa darasa la nne waliruhusiwa kushika jagi hilo, mmoja mmoja. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake. Alilimulika kwa tochi. Kavu. Kopo kavu. Juu ya jiko lililozimika kulikuwa na birika limejaa hadi mdomoni, na maji yake yalikuwa yameshika utando mwembamba wa barafu.

"Boyd, hebu niambie. Aliyeyusha kwa nini?"

Tillotson aligusa birika. "Hakuyeyusha."

"Na bado kwenye safu ya maji pameandikwa moja nukta mbili."

"Basi amebuni. Muuaji amebuni namba."

"Mtu wa kawaida angebuni namba. Lakini mtu wa kawaida asingefagia ubao. Asingejua kwamba ubao unafagiwa." Alizima tochi. "Kuna njia nyingine ya kupata maji bila kuyeyusha. Unachota theluji kwa bomba la chuma, unaipima uzito kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, unasoma. Sekunde ishirini. Watu wanaochimba mashimo milimani hawana majiko huko juu."

"Wangapi wana mizani hiyo?"

"Watatu katika kaunti nzima. Wawili wako upande wa pili wa njia ya mlimani, na njia imefungwa tangu Jumapili."

Chini ya daftari la theluji kulikuwa na daftari la pili, la misimu. Nadine alilisoma akiwa amesimama. Mwandiko wa mzee ulikuwa mdogo na usio na pambo. *Oktoba tarehe tatu, theluji ya kwanza, inchi kumi na tisa. Mapema mno. Baada yake siku thelathini na moja za anga safi, usiku nyuzi ishirini chini ya sifuri. Theluji ya Oktoba imegeuka sukari. Haishikani. Disemba kavu. Januari dhoruba tano juu yake.* Neno sukari lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili.

Kila mtoto wa Orrin alijua maana yake. Theluji ya sukari ikiwa chini na theluji nzito juu, mlima mzima unakuwa umesimama juu ya punje.

Ripoti za Garth zilikuwa zimebandikwa ukurasa uliofuata. *Ijumaa, tarehe kumi na nne Januari: tabaka la chini limeshikamana. Imara.* Na pembeni yake mzee alikuwa amebandika ripoti ya Januari ya miaka miwili nyuma. Kina, joto, uzito, ugumu, namba ishirini na mbili. Zote zilifanana, hadi nukta ya mwisho. Chini, kwa penseli: *Ni ile ile. Hajapanda.*

Nadine alisoma sentensi hizo mbili tena. Kisha akatazama dirishani, kule ambako Aproni ilipaswa kuwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alihisi baridi ikimwingia ndani ya buti.

Nyumba namba kumi na mbili ya mtaa ule ilikuwa ya mama yake.

*

"Siwezi," alisema Sherifu Rayburn kwenye simu. "Mwaka juzi niliwahamisha mara tatu na hakikuanguka hata kipande cha kujaza ndoo. Bi kizee mmoja alivunjika nyonga akipanda basi. Nikipiga king'ora leo bila neno la Garth, nusu yao hawatatoka, na nusu nyingine wataniuliza kwa nini."

"Ripoti za Garth ni za kughushi."

"Kwa mujibu wa daftari la marehemu. Niletee Garth aseme mwenyewe, na dakika hiyo hiyo napiga king'ora."

"Na kama mlima hautusubiri?"

"Fanya haraka," alisema Sherifu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetoa amri.

Nadine alipiga simu ya pili. Iliita mara nyingi.

"Mama, vaa buti. Nenda kanisani, ng'ambo ya mto."

"Kuna ibada?"

"Hakuna. Nenda tu."

"Mwanangu, nina maharage ya pinto jikoni na pilipili za kijani zimeanza kulainika. Garth amesema mlima umeshika, nimesikia kwa masikio yangu. Wewe umepanda ukaona?"

"Sijapanda."

"Basi."

Simu ikakatwa. Nadine hakumlaumu. Ndivyo yeye mwenyewe angejibu.

*

Ofisi ya Garth Lindquist ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kaunti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mrefu, mwenye ngozi iliyoungua kwa jua la miaka mingi la theluji, ingawa msimu huu ilikuwa imepauka. Meza yake ilikuwa imegeuzwa. Ofisi nyingine zote za upande ule ziliutazama mlima. Garth aliupa mgongo, na pazia lilikuwa limefungwa.

Nadine alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuita wakili. Garth alicheka kidogo.

"Wakili wa nini? Masikini Orville. Nimesikia. Mzee wa umri ule, barafu ile."

"Saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye redio ya upepo na Sherifu na watu wa barabara, kama kila siku. Waulize."

"Nimewauliza. Na saa kumi na mbili?"

"Nyumbani." Alisita. "Nimelala."

"Saa moja umejibu kabla sijamaliza swali. Saa kumi na mbili umeitafuta."

"Kwani saa kumi na mbili kulikuwa na nini?"

"Inchi sita," alisema Nadine. "Ndizo nilizozikuta juu ya ubao saa tatu. Na juu ya kofia. Theluji imenyesha inchi mbili kwa saa bila kubadilika. Wewe ndiye mtaalamu. Nihesabie."

Macho ya Garth yalienda kwa Tillotson aliyesimama mlangoni, yakarudi.

"Kuna mtu alipima?" aliuliza taratibu. "Kwa kawaida mnakanyaga tu."

"Kwa kawaida. Ulitegemea aonekane jioni, theluji ikiwa imejishindilia na saa moja ya tofauti imepotea. Hukumtegemea Bi Hazel na redio yake. Mizani yako iko wapi?"

"Mizani gani?"

"Ya kuning'iniza. Na bomba lake."

Koti lake la kazi lilikuwa limetundikwa ukutani. Tillotson alitia mkono mfuko wa kifuani, akatoa kifuko cha turubai, na ndani ya kifuko mizani ndogo na bomba la chuma lenye mfuniko. Nadine aliweka karatasi mezani, akafungua mfuniko, akaliinamisha. Matone yakadondoka. Moja, mawili, kisha mkondo mwembamba.

"Umepanda mlimani leo?"

"Kwenye dhoruba hii? Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Haya maji ni ya theluji ya wapi?"

Garth aliyatazama maji yakienea kwenye karatasi. Hapo mlima ukaguna tena. Kioo cha dirisha kilitetemeka nyuma ya pazia, na Nadine aliona jambo ambalo hajawahi kulisahau: mtabiri wa maporomoko ya kaunti ya Sable alikuwa ameweka mikono yote miwili mbele ya mdomo na pua, viganja vimejikunja, kama mtu anayejitengenezea nafasi ya kupumua. Haikuwa ishara. Mikono ilikwenda yenyewe.

Nadine alisimama akafungua pazia. Weupe mtupu.

"Ijumaa ulichimba shimo," alisema. "Umeandika futi mia tatu juu ya mstari wa miti. Upepo hakuna. Vaa viatu vya theluji. Mimi na wewe tunapanda sasa hivi, unionyeshe lilipo. Nikiliona, namwambia Sherifu nimekukosea, na naomba radhi mbele ya watu."

"Usinifanyie hivyo."

"Ni shimo tu, Garth. Kazi yako."

"Nadine, tafadhali. Usinipandishe kule."

"Ulipanda lini mara ya mwisho?"

Alilivuta pazia, akalifunga tena. "Sijapanda. Msimu huu sijapanda hata mara moja."

"Na Orville akajua."

"Orville anajua kila kitu kwa kukaa kwenye uwanja wake. Alinipigia jana. Akasema, 'Nenda kwa Sherifu mwenyewe. Usipokwenda, saa moja na robo nikimaliza kusoma theluji, nitasoma na hilo.' Redioni. Mbele ya mji mzima."

"Ukaenda kwake saa kumi na mbili kasoro."

"Kumwomba. Wiki moja tu, dhoruba ipite. Alikuwa nje tayari, anasafisha njia ya kwenda kwenye ubao. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Mwanangu, hofu si kosa. Kosa ni namba.' Akanipa mgongo akainama. Sepetu yake ilikuwa imechomekwa pale."

Tillotson aliacha kuandika.

"Ungemwambia Sherifu mlima umeharibika," alisema Nadine. "Ungeishia hapo. Hakuna ambaye angeuliza zaidi."

"Wangeuliza tangu lini. Ijumaa niliandika imara. Ijumaa iliyotangulia imara. Ningesema nini?"

"Swali la mwisho, na jibu kwa makini kwa sababu kuna watu zaidi ya mia moja chini pale. Juu ya Aproni kuna nini?"

Sauti ya Garth ilitoka ndogo kama ya mtu aliye mbali.

"Sijui."

Nadine alikuwa amewahoji wauaji tisa katika utumishi wake. Hakuna neno katika maungamo yao lililowahi kumwogofya kama hilo. Alinyanyua simu, akampigia Sherifu, akaiweka mbele ya kinywa cha Garth.

"Rudia."

*

King'ora kilipigwa saa tano na dakika ishirini. Waligonga nyumba moja baada ya nyingine, kwa kiganja, si kwa ngumi. Watu walitoka na paka, na dawa, na picha za ukutani. Hakuna aliyekimbia. Walitembea kwa mstari mmoja katikati ya kuta za theluji zilizowapita urefu, na kila baada ya hatua chache mtu aligeuka kutazama weupe ule nyuma yao usioonyesha kitu.

Mama yake Nadine alitoka na sufuria ameifunga kwa taulo.

"Umepanda ukaona?" aliuliza.

"Hapana, mama. Lakini sasa najua kwamba hakuna aliyeona."

Bi Eloisa Archuleta alifikiri kwa sekunde mbili, kisha akampa bintiye sufuria aibebe.

Aproni iliondoka saa nane na dakika arobaini. Waliokuwa kanisani walihisi upepo kwanza. Milango ilijifungua yenyewe na vitabu vya nyimbo vikajifunua kurasa. Kisha ikaja sauti, ikadumu, ikaisha. Nyumba kumi na moja zilikuwa hazipo. Namba kumi na mbili ilibaki jiko lake tu, limesimama peke yake na ukuta mmoja. Hesabu ya watu ilifanywa mara tatu, na mara zote tatu ilitimia.

Jioni Nadine alishuka mahabusu. Garth alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, taa zote zimewashwa kwa ombi lake.

"Wangapi?" aliuliza.

"Hakuna."

Alilia basi, kimya kimya. Nadine alingoja amalize.

"Nina jambo moja halijakaa sawa," alisema. "Majira yote ya baridi umebuni namba. Mashimo kumi na moja, hujachimba hata moja. Kwa nini leo asubuhi hukubuni? Mtu amelala pale, damu inatoka, na wewe unatoa mizani, unapima uzito wa theluji. Ungeandika chochote. Bila lile bomba nisingekuwa na kitu cha kukuwekea mezani."

Garth alijipangusa kwa mkono wa shati.

"Msimu uliopita nilifukiwa kule. Dakika kumi na moja. Watu wanadhani ndani ni giza. Ni buluu. Kisha inakuwa nzito. Nilijikojolea ili nijue chini ni upande gani. Walinitoa, wakanipa cheti cha daktari, mwezi wa pili nikarudi kazini. Nikapanda hadi kwenye mstari wa miti, miguu ikakataa. Nilisimama saa nzima nikiitukana. Nikarudi nikaandika kutoka kichwani. Mara ya kwanza nilitapika. Baadaye nikawa nanakili ripoti za zamani, dakika tano tu." Alitazama mikono yake. "Leo asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye ardhi tambarare. Theluji nzuri, ubao safi. Ningeweza kuipima. Sikumbuki kuamua, Nadine. Mikono ilikuwa na njaa ya namba ya kweli."

Nadine aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi.

Kesho yake, saa moja kasoro dakika kumi, alipita kamba ya polisi kwenye uwanja wa mzee Orville. Maporomoko yalikuwa yamesimama nyumba sita kabla ya pale. Dhoruba ilikuwa imekwisha. Anga lilikuwa safi, na juu ya mtaa mteremko ulikuwa wazi, wa kijivu, umevuliwa hadi kwenye mawe. Alingoja saa itimie. Akapima, akafagia, akarudisha ubao juu ya theluji mpya. Akawasha jiko na kuyeyusha kama alivyofundishwa.

Idara ilikuwa imempa nakala ya daftari, asilia ikiwa kielelezo. Aliusoma mstari wa Jumanne mara nyingine. Inchi kumi na sita na nusu. Maji, moja nukta mbili. Alikuwa ameshalinganisha na nguzo ya barabara: namba zilikuwa sahihi. Hakuzifuta. Alikata tu saa moja kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *saa kumi na mbili*, akaweka herufi za jina lake.

Kisha akanyanyua simu, akawapigia redio.